Mwanamke Anayejitegemea si Mhuni

Katika kila mji wa Tanzania, penye ofisi ya Serikali hapakosi kibanda cha mabati au kivuli cha mwembe ambapo mwanamke anapika. Makarani wanamjua. Walimu wa shule ya jirani hutuma kwake chapati saa nne ya asubuhi. Bwana mkubwa mwenye gari la Serikali humwagiza tarishi amletee wali na maharage ofisini, maana hapendi kuonekana ameketi kwenye benchi la mbao. Chini ya sahani za mwanamke huyo limo daftari, na ndani ya daftari yamo majina ya watumishi wa umma, kila jina na hesabu yake: chai mbili, wali mmoja, soda, atalipa mwisho wa mwezi. Kwa lugha ya benki, mwanamke huyo ni mkopeshaji. Humkopesha mtumishi wa Serikali kwa siku 30 bila riba, bila dhamana, na bila kumwuliza kama ana mke.

Siku mwanamke huyo huyo anapojifunga khanga safi, akavuka barabara na kuingia katika ofisi ya wadeni wake kuomba mkopo, au barua ya utambulisho, au kiwanja, swali linalompokea ni moja: mume wako nani? Akijibu kwamba hana, kalamu huwekwa chini. Pengine huambiwa arudi na kaka yake, au baba yake, au mwanamume yeyote wa ukoo. Pengine haambiwi kitu cha maana, ila huonyeshwa tabasamu ambalo kila mwanamke analielewa, na kuarifiwa kwamba shauri lake laweza kuzungumzwa vizuri zaidi jioni, baada ya saa za kazi.

Hii ni aibu, na hapana budi isemwe wazi kuwa ni aibu. Hakuna sheria ya nchi hii inayomtaka mwanamke mtu mzima aonyeshe mume ndipo apewe leseni ya kuuza chakula. Swali hilo limetungwa na wanaoliuliza, nao ni watu waliosomeshwa kwa jasho la wananchi, wakiwamo hao hao wauza chakula. Na lile shauri la jioni lina jina lake katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007: ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai hata kama aliyeombwa hakutoa.

Dharau hii ina mizizi mirefu. Mkoloni aliitaka miji yake iwe mahali pa kazi za wanaume: makuli wa bandari, matarishi, maboi wa nyumbani. Mwanamke aliyefika mjini bila mwanamume wa kumtaja alikuwa ni kero katika hesabu zake, na baadhi ya wakubwa wa makabila walishirikiana naye kumwona vivyo hivyo, kwa kuwa mwanamke aliyejipatia shilingi zake mjini alikuwa ameponyoka mikononi mwao. Ndipo neno mhuni, ambalo asili yake ni mtu asiye na makao maalumu, likabandikwa kwa mwanamke yeyote aliyepanga chumba kwa jina lake. Mkoloni alikwisha kuondoka. Neno lake limerithiwa na watu ambao katika mambo mengine yote hujisifu kuwa ni wazalendo.

Hata maneno ya kila siku yanaonyesha upande yalikoegemea. Mwanamume anayeishi peke yake huitwa kapera, na neno hilo halina ubaya. Watu humcheka kidogo, kisha humkaribisha chakula. Mwanamke anayeishi peke yake hana jina lake mwenyewe. Ataitwa hajaolewa, au ameachika, au mjane, yaani kila mara hutajwa kwa mwanamume ambaye hayupo. Na akifungua duka likajaa bidhaa, au akijenga chumba na sebule, jina hupatikana upesi. Watu wazima wenye vyeo, ambao hawajapata kuuliza hata siku moja fedha za kapera zimetoka wapi, hukesha wakichunguza bati la mwanamke limenunuliwa na nani.

Watumishi wa umma wanafaa kukumbushwa mambo ya 1955. Mwaka huo TANU ilikuwa bado changa, na Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu, ilimbidi achague baina ya chaki na Chama, naye alijiuzulu Machi 1955. Wasomi wengine wengi walikaa kimya, au waliunga mkono kwa siri. Si wote walikuwa waoga. Walikuwa na watoto wa kulisha, na mshahara ulitoka kwa mkoloni. Nani basi aliyejitokeza hadharani? Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926, mwimbaji wa ngoma mjini Dar es Salaam, mwanamke aliyekwisha kuonja talaka, alipita katika vyama vya ngoma na mitaa ya Waafrika, na katika muda wa miezi michache wanawake kwa maelfu walikuwa na kadi za TANU.

Wanawake hao walikuwa watu wa namna gani? Hawakuwa wake wa wakubwa. Wengi walikuwa watu wa makamo, waliosoma kidogo au hawakusoma kabisa shule za Serikali, wengi wamekwisha kuachika au kufiwa, waliojipatia riziki kwa kupika pombe, kukaanga vitumbua na maandazi, na wengine kupangisha vyumba. Mtaalamu wa historia Susan Geiger aliyakusanya masimulizi yao na kuyachapa katika kitabu 1997, na yeyote anayedhani kwamba Uhuru uliletwa na watu wa suti peke yao yafaa ayasome.

Ushujaa walikuwa nao, lakini ushujaa hautoshi kueleza jambo hili. Mkoloni aliweza kumfukuza karani kazi. Muuza vitumbua angemfukuza kutoka wapi? Mwajiri wake alikuwa kikaango chake. Na yule asiye na mume hakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa ya kwenda mkutanoni. Uhuru wake mdogo wa mfukoni ndio uliompa nafasi ya kuutafuta uhuru mkubwa wa nchi. Kiongozi wa tawi ambaye leo anamwita muuza vitumbua mhuni, huku akijitapa kuwa anakitumikia Chama, yampasa aulize ni migongo ya nani iliyokibeba Chama hicho kilipokuwa hakina hata ofisi ya maana.

Baada ya Uhuru sheria ilifuata, ingawa polepole. Serikali ilitoa mapendekezo yake ya sheria moja ya ndoa 1969, yakajadiliwa nchini kwa ukali, na Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa ya 1971. Sheria hiyo yatamka kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, kufanya mapatano, kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Kama aliyeolewa anazo haki hizo, asiyeolewa amenyang'anywa na nani?

Baadhi ya maofisa wa mikopo hujitetea kwa kutaja saini ya mwenzi. Ni kweli sheria inataka ridhaa ya mwenzi pale nyumba ya ndoa inapouzwa au kuwekwa rehani, na inaitaka kwa mume kama inavyoitaka kwa mke. Hiyo ni kinga nzuri, na bila ya hiyo familia nyingi zingelala nje. Lakini mwanamke asiye na mume hana nyumba ya ndoa. Anachoweza kuweka rehani ni jokofu lake, cherehani yake, au sifa yake mbele ya wenzake wa upatu. Kumdai saini ya mwenzi ni sawa na kumdai mtu asiyefuga ng'ombe alete ngozi.

Mkoani Kagera Bibi Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Alipoona uzee unamwelemea na hana wa kumtunza, aliliuza 1988 kwa shilingi 300,000. Jamaa wa ukoo alimshitaki kwa hoja kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba 1984, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Bibi huyo hakuwa mwanaharakati wala msemaji wa mkutano. Alikuwa mzee aliyetaka fedha za kumlinda katika siku zake za mwisho, naye akafungua mlango ambao maelfu wangeweza kuupitia. Miaka tisa baadaye Sheria za Ardhi za 1999 ziliandika waziwazi kwamba haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila ya kijiji inayomnyima haki hiyo ni batili.

Hata hivyo si haki kuwalaumu makarani peke yao huku sheria yenyewe ikiwa na doa. Kanuni za mila zilizoandikwa 1963 zilimnyima mjane sehemu ya urithi wa mumewe, ati atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga mahakamani. Mahakama Kuu 2006 ilikiri kwamba ni za kibaguzi, lakini ikasita kuzifuta. Wajane hao walikwenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo 2015 ikawapa haki. Mjane anayetolewa katika nyumba aliyoisiliba kwa mikono yake, kisha akaanza kupanga nyanya barabarani, hakuuchagua upweke wala hakuichagua biashara. Ndiye anayeulizwa mumewe yuko wapi.

Walimu wenye umri mkubwa wanaikumbuka miaka iliyofuata vita vya Kagera. Mshahara haukufika katikati ya mwezi. Sabuni, sukari na unga vilitafutwa kwa foleni tangu alfajiri. Nani aliyezilisha nyumba za watumishi katika miaka hiyo? Walikuwa wake zao, mama zao na dada zao, kwa miradi midogo ya uani: maandazi, barafu, kuku, magauni ya kushona. Watu wengi waliokalia viti vya kuzunguka leo, sare zao za shule na madaftari yao yalitoka katika karai la mafuta ya moto. Wao wanalijua jambo hili vizuri kuliko yeyote, na wakikutana msibani husimuliana kwa machozi jinsi mama alivyohangaika. Jumatatu wakirudi ofisini hawamtambui mama huyo anaposimama mbele ya dirisha na sura nyingine.

Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1983, ulifanyika msako wa Nguvu Kazi. Nia iliyotangazwa ilikuwa kwamba kila mwenye nguvu afanye kazi, na hakuna mzalendo wa kuikataa nia hiyo. Utekelezaji ulikuwa jambo jingine. Mwanamke aliyekutwa mjini bila kitambulisho cha kazi wala cheti cha ndoa aliweza kujikuta katika kundi moja na wazururaji, ingawa alikuwa ameamka saa kumi usiku kukanda unga wakati waliomkamata wamelala. Ajabu ni kwamba sheria ile ile ndiyo iliyozaa leseni ya nguvu kazi, ambayo kwa miaka mingi iliwafanya wachuuzi wadogo watambuliwe kuwa ni wafanyakazi. Mkono mmoja ulimkamata, mwingine ukampa karatasi. Cheti cha ndoa hakijapata kupika wali, na haikueleweka wakati ule, kama isivyoeleweka sasa, kinahusiana nini na uthibitisho wa kwamba mtu anafanya kazi.

Wapo wanaosema kwamba mwanamke akishika fedha zake huidharau ndoa, na ndiyo maana ndoa zinavunjika. Hoja hii hutolewa sana na wanaume, na hutolewa kwa sauti ya huzuni. Ichunguzwe kidogo. Anayesema hivyo anakiri kwamba katika hesabu zake ndoa hushikiliwa na njaa ya mke. Kwamba mke hukaa kwa sababu hana pa kwenda. Hayo ni maneno ya bwana shamba wa kikabaila juu ya manamba wake, na ni ajabu kuyasikia kwa mtu anayeihubiri heshima ya ndoa. Mke mwenye genge lake anayebaki na mumewe amebaki kwa kupenda, na mume mwenye busara angepaswa kujisikia ametukuzwa. Tena hakuna anayewashauri wanawake wasiolewe. Linalodaiwa ni kwamba aliyeolewa, aliyeachika, aliyefiwa na ambaye hakupenda kuolewa wapokelewe ofisini kama raia wanne walio sawa.

Wapo pia wanaojificha nyuma ya dini. Waislamu wanajua kwamba Bibi Khadija bint Khuwaylid alikuwa mjane na mfanyabiashara wa misafara, na kwamba Mtume alianza kwa kuwa mwakilishi wake katika biashara kabla ya kuwa mumewe. Wakristo wanaosoma Matendo ya Mitume wamekutana na Lidia wa Thiatira, muuza nguo za zambarau, aliyebatizwa pamoja na nyumba yake na kuwakaribisha mitume kwake. Mume hatajwi popote. Anayetaka kumdharau mwanamke mwenye biashara atafute kisingizio mahali pengine.

Hoja ya tatu inawahusu walimu zaidi, nayo ni kwamba watoto wanaolelewa na mama peke yake huharibika. Mwalimu anayesema hivyo na aende kwenye mkutano wa wazazi wa shule yake mwenyewe, ahesabu vichwa. Benchi limejaa kina mama. Wengine wamekuja na beseni, maana wakitoka hapo wanaelekea sokoni. Akina baba wenye ndoa zao halali hutuma salamu. Mtoto huharibiwa zaidi na kitendo ambacho walimu wangeweza kukikomesha kesho asubuhi: kumsimamisha darasani na kumwambia arudi na baba yake. Mtoto wa miaka tisa aliyeambiwa hivyo mbele ya wenzake 80 hujifunza siku hiyo kwamba nyumba anayotoka haitoshi. Somo hilo halimo katika muhtasari wa Wizara, na hulikumbuka kuliko jedwali la kuzidisha.

Hata hivyo kuna hatari ya upande wa pili, na ni vema isipitwe kimya. Siku hizi hufanyika semina za hotelini ambamo wanawake huambiwa kwamba mtaji mdogo na moyo wa kuthubutu ndio ukombozi, na kwamba anayeishi peke yake ndiye aliye huru kupita wote. Wasemaji hupiga picha, hula, huondoka. Yule muuza chakula hakualikwa, maana saa hizo alikuwa jikoni. Angealikwa angewaeleza. Huamka saa kumi usiku. Saa kumi na moja mkaa umeshika, saa moja chai iko tayari, saa sita wali, saa kumi na moja jioni anaosha masufuria, usiku anachambua mchele wa kesho. Mwenye mume mwema akiugua, yupo wa kukoroga uji. Yeye akiugua, siku hiyo moto hauwaki, na wateja wake huhamia kwa jirani. Mtoto akishikwa na homa, huchagua baina ya hospitali na sufuria lililoko motoni. Mtaji wake wote ni mchele wa siku tatu, na sehemu moja ya mtaji huo imo matumboni mwa watumishi wa umma wanaosubiri mwisho wa mwezi.

Ndipo huangukia mikononi mwa wale ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la kausha damu. Hao hawaulizi mume. Huuliza godoro, jokofu na televisheni viko wapi, huviandika, na kumpa fedha siku hiyo hiyo. Marejesho huanza karibu mara moja, na asipoleta hufika na kirikuu kuvibeba vitu vyake majirani wakitazama. Waliopita kwenye mirija ya watu hao hawahitaji kuelezwa unyonyaji ni nini. Lakini kupe huyu alipatiwa nafasi na nani? Kila mwanamke anayefukuzwa kwenye dirisha la halmashauri kwa sababu hana mume ni mteja mpya aliyepelekwa kwa kausha damu na mtumishi wa Serikali.

Halmashauri zina fedha kwa ajili yake. Kwa sheria ya 2018 kila halmashauri ilitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango wa kujivunia. Mwaka 2023 ilibidi usimamishwe, baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba fedha nyingi hazikurejeshwa na kwamba baadhi ya vikundi vilivyokopeshwa vilikuwa hewa. Ulirudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Hebu litazamwe jambo hili kwa utulivu. Kikundi hewa hakina mume, hakina mke, hakina hata mwanachama anayepumua, nacho kilipata mkopo. Mwanamke mwenye sufuria, wateja na daftari aliambiwa alete mwanamume. Ofisa aliyeshindwa kutambua kwamba kikundi hakipo, lakini akawa hodari wa kutambua kwamba mume hayupo, alikuwa analinda fedha za nani?

Mkopo huo hutolewa kwa vikundi, na hilo lina faida zake, kwani wenzake humbeba anayeteleza. Lakini hutokea pia kikundi cha wanawake wenye waume kikakataa kumpokea asiye na mume, kwa hofu kwamba akishindwa hana wa kumlipia, au kwa hofu nyingine wasiyoitaja. UWT, iliyoundwa 1962 na ambayo Bibi Titi Mohamed alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza, ina kazi hapo. Ingekuwa jambo la kusikitisha sana kama umoja ulioanzishwa na wanawake wa namna ile ungegeuka kuwa baraza la wake za wakubwa, wanaopanga sare za khanga huku muuza mboga amesimama mlangoni.

Wenye nyumba za kupanga nao hawana budi kutajwa. Mwanamke mwenye kodi ya miezi sita mkononi hukataliwa chumba kwa kuwa ati ataleta wageni, kisha chumba hicho hicho hupewa kapera ambaye wageni wake majirani wote wanawajua. Wenye nyumba wengi ni watumishi wa umma au wastaafu wao.

Nchi iliyomwapisha mwanamke kuwa Rais Machi 2021 haiwezi kudai kwamba haijazoea kumwona mwanamke akitia saini. Katika fomu nyingi za maombi, juu kabisa baada ya jina, upo mstari unaosema jina la mume au baba. Mkuu wa idara aliye makini angeita fomu hizo mezani kwake wiki hii na kuuliza mstari huo umewekwa na sheria ipi. Asipoonyeshwa sheria, aufute, na mahali pake iandikwe jina la mtu wa kuarifiwa dharura ikitokea, awe mwanamume au mwanamke, kama waajiriwa wa Serikali wenyewe wanavyoandikiwa. Ofisa wa mikopo anayetaka kujua kama mwombaji ni mtu wa kuaminika na aombe kuliona lile daftari: aangalie ni watu wangapi wanakula kwake, amewavumilia kwa muda gani, na wangapi wamelipa. Akikuta jina lake mwenyewe humo, alipe kwanza ndipo aendelee na mahojiano. Mwalimu mkuu naye anaweza kuwaambia walimu wake, katika kikao cha asubuhi, kwamba mtoto akiagizwa kuleta mzazi aambiwe alete mzazi, basi. Kazi zote hizo hazihitaji semina wala posho ya safari.